Vibovu Thelathini

Siku ya kwanza kazini, kabla hata sijaonyeshwa pa kukaa, fundi alininyang'anya raba. Nilikuwa nimeitoa mkobani pamoja na penseli tatu nilizozichonga nyumbani zikawa kali kama sindano, nikazipanga mezani kwa mstari ili aone kwamba nimekuja kikazi. Akazitazama. Akaichukua raba, akaitia kwenye mfuko wa shati, kisha akachukua penseli moja na kuisugua ncha ukutani mpaka ikawa butu. "Sasa tunaweza kuanza," akasema. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na hasira za karibu, nikamchukia hapo hapo.

Kilikuwa kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Moshi, chumba kimoja cha mashine na kimoja cha meza, miaka ya sabini ilipokuwa ukingoni. Tulichapa kadi za kliniki, fomu za vyama vya ushirika, alama za magunia ya kahawa, matangazo ya mikutano, na mara moja moja bango lenye picha. Picha ndizo zilizonileta. Tangu shule ya msingi nilikuwa naitwa mbele kuchora ubaoni: moyo wa ng'ombe, ramani ya Afrika, mbu na viluwiluwi vyake. Nilichora vizuri na nilijijua. Mtu anayejijua hivyo huwa mgumu kufundishika, na hilo nalisema leo kwa aibu kidogo.

Fundi alikuwa mzee mfupi aliyetokea mikoa ya kusini. Alikuja Kilimanjaro akiwa kijana kukata miwa, akaonekana ana mwandiko mzuri, akapewa kazi ya kuandika vibao vya mashamba, na kutoka kwenye vibao akafika kwenye meza yetu. Miaka yote hiyo ya kukaa nasi, Kichagga chake hakikuvuka salamu. Alisema anakihifadhi, asije akakimaliza.

Sheria yake ilikuwa moja. Kazi ya picha ikiingia, huruhusiwi kuchora picha. Unachukua karatasi iliyoharibikia mashineni, unaigeuza nyuma, unaweka kiberiti juu yake na kukizungushia penseli mara thelathini. Unapata vijumba thelathini vya ukubwa wa kiberiti. Kisha unavijaza kimoja baada ya kingine kwa penseli butu, bila kufuta, kila kimoja na wazo lake, na vyote viishe kabla chai yake ya saa nne haijapoa. Aliviita vibovu. "Niletee vibovu thelathini," alikuwa anasema, kama mtu anayeagiza mayai.

Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akasema baraka ipo, iko kwenye cha ishirini na kitu, ila huwezi kuifikia kama umekaa kwenye cha kwanza unakipamba.

"Vile vitano vya mwanzo si vyako," alinieleza siku nyingine. "Umeviona kwenye kuta za watu. Ukifika cha kumi unaanza kujirudia. Ukifika cha kumi na tano unanichukia." Hapo alinitazama. "Ukivuka hapo, mkono unachoka kujionyesha. Unaanza kusema kweli."

Mimi sikuvuka. Nilikuwa nafika cha saba, nakipenda, naanza kukitia vivuli, chai inapoa. Anakuja, anaangalia vijumba ishirini na vitatu vitupu, anakwenda zake bila neno. Afadhali angenigombeza.

Nyumbani kwetu ni Old Moshi, juu ya Kiboriloni. Baba alikuwa mzee wa kanisa na pia msimamizi wa mfongo, ule mfereji unaochukua maji mtoni huko juu msituni na kuyashusha kihamba kwa kihamba, shamba la kila nyumba kwa zamu yake. Ukibomoka, yeye ndiye aliyeita watu. Mtu akiiba zamu ya jirani, yeye ndiye aliyeamua. Kwake kazi ilikuwa kitu kinachouma mgongo, na kuchora kulikuwa mchezo wa watoto ambao mimi nilichelewa kuuacha. Mama alinitetea kwa wiki nzima mpaka yakapatikana makubaliano: miezi mitatu ya majaribio niliyopewa na meneja, basi. "Kahawa ikianza kuiva hujapata barua ya kazi, nitashuka mwenyewe kukuchukua," baba alisema. "Ng'ombe wanataka majani, na mama yako amechoka." Hakusema kwa ukali. Baba akisema jambo kwa upole huwa ameshaliamua, ndiyo maana niliogopa.

Kwa hiyo nilikaa Kiboriloni kwa mama mdogo, aliyekuwa akiuza ndizi sokoni, na kila Jumapili nilipopanda nyumbani niliitazama mibuni kabla ya kusalimia watu. Sijawahi kuomba kahawa ichelewe isipokuwa mwaka ule.

Mwezi wa pili wa majaribio watu wa afya walileta kazi. Walitaka bango la kuwahimiza watu wa tambarare wachemshe maji ya kunywa, hasa Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga, ambako familia nyingi zilikunywa maji ya mifereji ile ile ya kumwagilia na watoto walikuwa wanaharisha. Meneja akaniita mbele ya fundi akasema bango hilo nilifanye mimi. Likifaa, barua ipo. Lisipofaa, tutaagana kwa amani.

Nilijua nitachora nini kabla bwana wa afya hajamaliza maelezo yake. Maji. Na maji niliyajua kuliko mtu yeyote kwenye chumba kile. Nilikuwa binti wa mfongo. Nikamwomba meneja karatasi moja nzuri, jambo lisilo dogo, maana karatasi zilikuwa adimu miaka ile kama sabuni, na kama sukari pia, japo miwa tulikuwa tunaiona kwa macho. Nikaipeleka Kiboriloni, nikaifanyia kazi kila jioni kabla jua halijazama, kwa rangi zangu za shule.

Nilichora mfongo wa baba. Niliuchora alfajiri, maji yanapita juu ya mawe na kila jiwe linaonekana, masale, ile mimea tunayoipanda mipakani, yamesimama kingoni, migomba nyuma, na juu kabisa theluji. Alfajiri kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Baba alitufundisha kuchota maji ya kunywa kabla hakujapambazuka vizuri, kabla ng'ombe hajatia mguu na kabla mtu hajaosha kitu, na alisema maji yaliyochotwa hivyo hayahitaji moto. Alilisema hilo kwa fahari, kwa kuwa kuyalinda maji hayo kulikuwa juu yake. Chini ya picha nikaandika kwa herufi nzuri: Chemsha maji ya kunywa. Sikuona kasoro yoyote. Mama mdogo aliita majirani waje kutazama, na mmoja wao alisema amekumbuka kwao.

Vibovu nilivichora mwishoni, asubuhi ile ile ya kukabidhi, nimekaa juu ya mikungu ya ndizi sokoni, ili kutimiza idadi tu. Nilivichora kwa dharau. Ng'ombe mferejini, mtoto ameshika tumbo, sufuria jikoni, kuni, mwanamke na ndoo, mtungi. Kwenye kijumba kimoja niliuchora mtungi mkubwa mno, nafasi ikaisha, kikombe kikakosa pa kukaa. Nikakibandika juu ya mfuniko, mdomo chini, kwa vile ndivyo kilivyoenea, nikaendelea na kingine.

Fundi aliitazama picha kwa muda. "Ni nzuri," akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayesifu. Kisha akavisogeza vibovu karibu na macho. "Hivi umevichora baada ya picha."

Nikainamia penseli zangu.

"Mstari wa mtu anayetafuta na mstari wa mtu anayejaza fomu, mwanangu, haifanani." Akavikunja vyote pamoja. "Kesho tunakwenda Mabogini. Chukua kila kitu."

Tulipanda lori lililokuwa linapeleka magunia matupu, tukashuka penye mifereji. Kule chini joto ni lingine na mlima unaonekana wote, kitu ambacho sisi tunaoishi juu yake hatukioni. Wanawake walikuwa wanapandikiza mpunga. Mmoja wao, mama wa makamo aliyetokea Singida na mumewe mkata miwa, alikuwa jirani wa fundi tangu enzi zake za kambi ya miwa. Alinawa miguu mferejini, akaja na wenzake watatu, tukakaa juu ya tuta.

"Shikamoo mama," nikamsalimu.

"Marahaba binti. Huyu mzee anakutesa?"

"Ananifundisha," nikasema. Akacheka kwa namna ya mtu aliyeshapata jibu lake.

Fundi alikuwa amenionya njiani kwamba nisieleze kitu. Bango halina mdomo wa kujieleza na mimi sitakuwepo kila ukutani. Akakunja sehemu ya chini ya picha ili maneno yafichike, kwa sababu wengi waliolengwa walikuwa bado wanajifunza kusoma kwenye madarasa ya watu wazima. Kisha akaisimamisha picha yangu juu ya magoti.

Wale kina mama waliitazama kwa heshima, kama watu wanavyotazama madhabahu. Mmoja alifuta mikono kwenye kanga ingawa hakuna aliyemwambia aguse.

"Nzuri sana," wakasema.

"Inawaambia nini?" fundi akauliza.

Yule mama wa Singida akasogea. "Inatuambia maji ya mlimani matamu. Twende tukanywe."

"Mchana huu na jua hili," mwenzake akaongeza, "hata mimi naona kiu."

Nilifungua kinywa, fundi akanigusa kwa kiwiko. Lakini sikuweza kujizuia. Nikasema haya ni maji ya mfereji, haya haya yanayofika hapa, yanatoka kwetu.

Mama yule alinigeukia taratibu, na hakuwa na ubaya wowote usoni. "Yakiwa kwenu ndiyo hivyo, mwanangu. Nyie mnachota alfajiri, sivyo? Sasa mpaka yafike huku kwangu saa nane, yameogesha watu wangapi? Yamenywesha ng'ombe wangapi? Wewe umenichorea alfajiri yenu. Mimi naletewa mchana."

Sijui kama kuna kitu kinachouma kama kuambiwa ukweli kwa upole mbele ya mtu uliyekuwa umeapa kumshinda. Nilikuwa nimechora bango la kuwaambia watu wayanywe maji ambayo yalikuwa yanawaumiza watoto wao. Mtu wa tambarare asingekosea hivyo. Ni mtu wa mlimani tu, aliyekulia karibu na chemchemi, anayeweza kusikia neno maji na kuona kitu kisafi.

Fundi aliilaza picha pembeni, akatandaza ile karatasi ya vibovu juu ya nyasi. Nilitamani aifunike. Lakini wale kina mama wakabadilika. Waliinama wote wanne, vichwa vikagusana, na wa kwanza akacheka mpaka akakaa chini.

"Huyu ni ng'ombe au mbwa?"

"Ng'ombe," nikasema.

"Mnyime kazi, mzee. Ng'ombe gani hana nundu?"

Wakaanza kubishana. Huyu mtoto hashiki tumbo, anashika njaa. Mtoto anayeharisha analala hivi, na mmoja akalala juu ya tuta kunionyesha. Hizi kuni ni nyingi mno, nani ana kuni hizi huku? Vidole vyenye tope vikapita juu ya karatasi, na hakuna aliyejali, kwa sababu haikuwa na uzuri wa kuharibiwa. Kwa picha yangu ya rangi walinipa adabu zao. Kwa vibovu walinipa akili zao, na nimeishi na tofauti hiyo mpaka leo.

Kisha mama wa Singida akaweka kidole kwenye kijumba kimoja, akakiacha hapo.

"Huyu kachemsha."

"Nani?" fundi akauliza.

"Mwenye mtungi huu. Si unaona kikombe kimelala kifudifudi? Huku kwetu ukishachemsha, ukamimina, ukafunika, unalaza kikombe juu ya mfuniko, mdomo chini. Mtoto akiona hivyo anajua hayo ni ya kunywa, na hatumbukizi kikombe kingine. Kikombe kikisimama, hayo ni ya kufulia." Aliniangalia kwa macho mapya. "Nani kakwambia, binti?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na sababu zote za kudanganya. "Hakuna, mama," nikasema. "Nafasi iliisha."

Wakacheka tena, na safari hii nami nikacheka. Fundi peke yake hakucheka. Alikuwa ametoa ile penseli butu mfukoni na anakizungushia kijumba kile duara, taratibu, kama mtu anayefunga mbuzi asikimbie.

Ndani ya lori nililia, kwa hasira zaidi ya huzuni. Aliniacha nilie mpaka tulipoanza kuuona mji. "Mficha uchi hazai," akasema. "Ulificha ubovu wako ukatuletea uzuri, na uzuri haukuzaa. Maji yaliyochemshwa na yasiyochemshwa yanafanana, hata mimi nisingejua namna ya kuyachora. Kesho niletee thelathini vya mtungi huo mmoja."

Nilimletea. Mtungi kwa mbali, mtungi kwa karibu, kikombe cha bati, kikombe cha udongo, mkono unakilaza, mkono umeshatoka, jiko nyuma, jiko pembeni. Nilifika cha kumi na tano nikamchukia kama alivyosema, nikafika cha ishirini na mbili nikasahau kumchukia, na nilipoinua kichwa chai yake ilikuwa bado inatoa mvuke. Cha ishirini na saba ndicho kilichochapwa. Rangi mbili tu, nyeusi na kahawia: mtungi, mfuniko wa sahani, kikombe kifudifudi, na mafiga matatu yenye moto kwa nyuma. Maneno matatu: Chemsha, funika, kunywa. Tulikipeleka Mabogini kabla ya kukichapa, maneno yamekunjwa, na mama wa Singida akakitazama kidogo tu akasema, "Haya, nimesikia," kana kwamba kuna mtu amemwita kwa jina.

Barua haikuja. Meneja aliliweka bango mezani kwake na kuligeuza geuza. Alikumbuka karatasi nzuri aliyonipa, na nadhani alitarajia theluji. Akasema atafikiri.

Akiwa bado anafikiri, baba akashuka.

Ilikuwa asubuhi, nipo mezani, nikasikia mlangoni sauti ya kubisha hodi kwa adabu kubwa. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na buti za shambani, na mkononi ameshika tawi dogo la mbuni lenye punje nne nyekundu. Kahawa ilikuwa imeanza kuiva. Nilimwamkia, akaitikia, akaniwekea mkono begani kidogo. Fundi akasimama. Walitazamana kujua nani mkubwa, hawakupata jibu, wakasalimiana kama wazee wenza.

"Nimekuja kumchukua binti yangu," baba alisema. "Lakini si vizuri kuondoka bila kuona alichokuwa anafanya."

Nikamwonyesha bango. Lilikuwa limechapwa, limenyooka, wino umekauka vizuri. Nililiona zuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Baba alilishika mbali na macho, akalisoma, akalirudia.

"Ni mtungi," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Miezi mitatu. Mtungi mmoja."

Niliona ng'ombe, niliona majani, nikaona miaka yangu yote imepangwa mgongoni kwa mama. Nikaanza kukusanya penseli zangu.

Fundi akavuta droo. Akatoa bunda la karatasi zilizoharibika, zote za miezi ile mitatu, akaliweka mbele ya baba na kumsogezea kiti. "Kabla ya mtungi, mzee mwenzangu, kulikuwa na hivi."

Baba akakaa. Akavaa miwani. Akaanza karatasi ya kwanza, yenye vijumba saba vilivyopambwa na vingine vitupu, akaenda ya pili, ya tatu. Hakuruka kitu. Alipita kwa ng'ombe asiye na nundu, akapita kwa alama za vidole vya tope, akauliza ni vya nani, nikamwambia. Aliufuata mtungi kijumba kwa kijumba kwa kidole, na kidole kikasimama kwenye cha ishirini na saba. Mashine zilikuwa zinapiga kelele chumba cha pili. Mimi nimesimama, nimeshika mkoba.

"Hivi vyote vimetupwa?" akauliza mwishoni.

"Vimetupwa, baba."

"Ili upate hiki."

"Ndiyo."

Akavua miwani, akamgeukia fundi, na nikasikia sauti yake ya mikutano ya mfongo. "Babu yake huyu alipoanza mfongo wetu hakuchimba mara moja. Unakwaruza ardhi kwa mpini wa jembe, unamwaga kibuyu cha maji. Maji yanakataa. Unahama hatua tatu, unakwaruza tena. Yanakataa. Wanasema kilima kizima kilikuwa na mikwaruzo. Leo watu wanaona mfereji mmoja, wanadhani maji yalijua njia yenyewe." Akaligonga lile bunda kwa kiganja. "Sikujua kwamba hii ni kazi ya namna hiyo."

Chini kabisa ya bunda kulikuwa na picha yangu ya rangi. Akaikunjua.

"Huu ni mfongo wangu."

"Ndiyo, baba."

"Ni mzuri. Kwa nini haukuchapwa?"

Nilimtazama fundi, akatazama dirishani. Ikabidi niseme mwenyewe. Nilimweleza baba, msimamizi wa maji, aliyetufundisha kuchota alfajiri, kwamba kuna mama kule Mabogini aliniuliza maji yetu mpaka yafike kwake yameogesha watu wangapi. Nilimwambia kwamba yakitoka kwake ni safi, yakifika kwao si safi, na kwamba watoto wao wanaumwa. Hakuna mtu aliyewahi kumletea baba malalamiko kutoka mbali kiasi hicho chini ya mfereji.

Baba aliitazama picha tena. Kisha akaikunja picha vizuri, akaitia ndani ya koti, akasimama. Lile tawi la mbuni akaliacha juu ya meza ya fundi.

"Kahawa tutachuma wenyewe," akasema. "Wewe ngoja barua yako."

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Nilifanya kazi kwenye meza ile miaka mingi, na kwenye meza nyingine baadaye, na nimewafundisha vijana wengi kuzungushia kiberiti penseli na kunichukia kwenye cha kumi na tano. Fundi alipostaafu akarudi kwao kusini. Siku ya kuaga alitoa raba yangu mfukoni, imekauka na kupasuka, akaiweka mkononi mwangu bila hotuba. Nilitaka kumshukuru vizuri, nikashindwa, nikamuuliza kama amekunywa chai. Mpaka leo najilaumu kwa hilo. Kwa hiyo namshukuru hapa. Namshukuru kwa kila kitu alichoninyima. Namshukuru na mama wa Singida, aliyenicheka na kunisaidia kwa pumzi moja.

Desemba ya mwaka ule wa bango nilipanda nyumbani kwa Krismasi kama kila Mchagga anavyopanda. Picha ya mfongo ilikuwa imepigwa misumari ukutani, juu ya kiti cha baba, na wageni walikuwa wanaitwa kuitazama. Nilikwenda jikoni kuchota maji ya kunywa. Mtungi ulikuwa umefunikwa kwa sahani, na juu ya sahani, kikombe cha bati cha baba kilikuwa kimelala kifudifudi. Nilikunywa. Maji yalikuwa na harufu ya kuni.

Nikamtazama mama. Alikuwa anamenya ndizi, akatabasamu bila kuinua kichwa. "Usimuulize," akasema. "Anachemsha mwenyewe, alfajiri, kabla hatujaamka."